Chumvi ya Wenye Nchi

Hapo zamani, si zamani za kale maana wahusika wengi bado wanakula mishahara, palikuwa na nchi ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba jina hilo lilibadilishwa mara ya mwisho Jumanne iliyopita na mimi sijapata waraka. Ilikuwa nchi ya bara, mbali na kila bahari, na utajiri wake ulikuwa mmoja tu: chemchemi za maji ya chumvi katika mji wa Ngoreka. Huko wanawake waliyachota maji hayo, wakayachemsha kwenye masufuria mapana kutwa nzima, mpaka yakakauka na kubaki weupe mtupu.

Enzi za Gavana, chumvi yote ilikuwa ya Gavana. Mwanamke aliyekutwa na punje moja akitoka kazini alichapwa viboko mbele ya wenzake. Bi Nyamizi alichemsha chumvi miaka kumi na mmoja na akachapwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ameiba kweli. Mara ya pili lilikuwa jasho lake mwenyewe lililomkaukia mgongoni, lakini mpekuzi alilionja akasema ni chumvi, na huwezi kubishana na mtu aliyeonja.

Basi siku moja wanawake wale walikaa chini wakagoma. Wanaume wakaja kutoka mashambani na majembe yao, askari wa Gavana wakatazamana, wakakumbuka kwamba na wao wana mama. Watu walijaa mbele ya lango la Ghala Kuu wakipiga kelele, na hakuna aliyejua la kufanya baada ya kelele. Bi Nyamizi, akiwa na miaka ishirini na tisa, alipitisha mkono katikati ya vyuma, akavuta komeo, lango likafunguka. Hapakuwa na tarumbeta. Watu waliingia, kila nyumba ikatoka na kibaba chake, na mtu mmoja aliyejua kuandika akaandika ukutani kwa mkaa: CHUMVI YA NCHI NI YA WENYE NCHI.

Sasa nyuma ya magunia alikuwamo karani wa mizani wa Gavana, mtu mmoja jina lake Kadelema, amejificha tangu alfajiri. Alipoona watu wanaingia alitoka mbio, chumvi imemganda kichwa hadi miguu, ameinua mikono yote miwili ili wasimpige. Waliokuwa mbele walicheka. Lakini waliokuwa nyuma, ambao ndio wengi katika kila mapinduzi, waliona tu mtu anameremeta juani akitoka langoni mikono juu. Wakamshangilia. Kadelema hakuwa mjinga. Alishusha mkono mmoja, na ule mwingine akaukunja ngumi.

Hivyo ndivyo nchi hiyo ilivyompata Mheshimiwa Kadelema, Mfungua Lango wa Kwanza na wa Mwisho, Baba wa Kibaba. Ana miaka thelathini na minne madarakani sasa na ngumi bado hajaishusha.

* * *

Miaka ya mwanzo chumvi ilikuwapo. Nasema kweli, maana hata kejeli ina haki yake. Kila mwezi nyumba ilipata kibaba, shule zilijengwa, na hata wazee walifundishwa kusoma kwenye madarasa ya ngumbaru. Kisha kibaba kikawa nusu kibaba, nusu ikawa kijiko, na kijiko kikawa tangazo.

Tangazo lilisomwa redioni na Profesa Bugalama wa Wizara ya Ladha, mwenye shahada tatu, mbili kati yake zikiwa za kwake. Alieleza kwa upole kwamba chumvi ilikuwa silaha ya vita, na vita vimekwisha. Mtu anayekula chumvi hupata kiu. Mwenye kiu hutafuta maji, anayetafuta maji huzurura, na anayezurura mwisho wake hukutana na wachochezi. Kwa hiyo chumvi itapumzishwa ghalani kwa muda, na chakula kisicho na chumvi kitaitwa chakula huru.

Watu walipiga makofi. Hoteli zilibandika vyeti vya kupikia chakula huru. Watoto walitungiwa wimbo. Wazee waliozoea kusema "mimi nimekula chumvi nyingi" waliitwa ofisi ya kata mmoja mmoja, wakaulizwa ni nyingi kiasi gani, waliila wapi, na nani aliwapa. Mzee mmoja alikaa ndani siku tisa kwa sababu alishindwa kukumbuka. Tangu hapo Ngoreka hapakuwa na mtu aliyekubali kuwa mzee.

Wakati huo huo malori yalikuwa yanatoka Ghala Kuu kila siku saa nne asubuhi, mchana kweupe, yakielekea mpakani. Magunia yote yaliandikwa MCHANGA. Bi Nyamizi alisimama kwenye mkutano wa hadhara akauliza kwa nini nchi inapeleka mchanga ng'ambo. Mwenyekiti wa kata alikohoa, akasema huko ng'ambo mchanga umewaishia. Wananchi waliwaonea huruma sana watu wa ng'ambo. Jumamosi iliyofuata walichanga mchanga, ndoo kwa ndoo, na hata wajane hawakukubali kubaki nyuma. Mchanga huo ulipelekwa ghalani ukajaza magunia mia mbili, na kwa kuwa magunia ya mchanga yalikuwa yamekwisha, ulitiwa kwenye magunia ya zamani yaliyoandikwa CHUMVI.

Siku moja gunia lilianguka kutoka kwenye lori likapasuka njiani. Bi Nyamizi aliokota, akaweka ulimini. Ilikuwa chumvi ya Ngoreka, chungu kidogo mwishoni, ambayo angeitambua hata akiwa maiti. Alimwita jirani yake Bi Mwasiti, mchemshaji mwenzake wa zamani, akamwonjesha. Bi Mwasiti alionja, akatafakari, akalipindua lile gunia akasoma herufi moja moja kwa kidole, kama alivyofundishwa ngumbaru.

"Ni mchanga," alisema.

"Mwasiti, umeonja."

"Nimeonja. Ni mchanga wenye ladha ya chumvi. Ungekuwa chumvi wangeandika chumvi. Wewe, zamani tulikuwa hatujui kusoma, ndiyo maana tulikuwa tunaamini ulimi."

Bi Nyamizi alirudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti muda mrefu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Aliyesema hivyo alikufa kabla redio haijafika. Kilichomuuma si uongo wa wakubwa, maana wakubwa alikuwa amewazoea tangu enzi za Gavana. Kilichomuuma ni Mwasiti, aliyechapwa naye siku moja, kwa fimbo moja.

* * *

Mwili una madai yake na haujui siasa. Mwaka wa tano wa chakula huru, shingo za watu wa Ngoreka zilianza kuvimba. Uvimbe ulianza mdogo chini ya koo, ukawa yai, kisha ukaning'inia. Zamani kitu hicho kiliitwa rovu na mtu alijifunika kwa kanga. Wizara ya Ladha ilituma wataalamu wawili wenye futi za mafundi cherehani, wakapima mji mzima, wakarudi makao makuu. Wiki iliyofuata redio ilitangaza kwamba wananchi wameanza kunenepa kuanzia juu. Neema imeshafika shingoni, alisema Profesa Bugalama, na kwa kasi ya sasa itateremka tumboni kabla ya mwisho wa mpango wa miaka kumi.

Tangu hapo ikawa ni sherehe. Palitolewa tepe za shingo za daraja la tatu, la pili na la kwanza. Wachumba walipimana. Kanga za kujifunikia zikaishiwa kazi. Viongozi wenyewe, ambao shingo zao zilibaki nyembamba kwa sababu ambazo hakuna aliyeziuliza, walivaa skafu nene hata wakati wa kiangazi ili wasionekane wamejitenga na wananchi.

Kalunde, binti wa pekee wa Bi Nyamizi, alipata utepe wa daraja la kwanza akiwa na miaka thelathini na mmoja tu. Alikuwa mwalimu wa Historia katika shule ya Ngoreka na mtu mwema kabisa. Alimnunulia mama yake viatu, alimchotea maji kabla ya kwenda kazini, na hakuwahi kumjibu vibaya. Siku ya utepe alilia kwa furaha. Lakini tangu wakati huo hakuweza kulala chali, alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na pumzi yake ilipiga mluzi. Sauti aliyokuwa akiwaitia watoto kutoka upande wa pili wa uwanja ilikauka ikawa mkwaruzo. Alifundisha kwa kugonga rula mezani, na mkaguzi alimsifu kwa kubuni mbinu mpya.

Bi Nyamizi alikwenda zahanati kumwona tabibu Mihayo, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tabibu alimsikiliza, akafunga dirisha, akaongeza sauti ya redio.

"Mama, mimi sijakuambia kitu."

"Hujaniambia."

"Ni rovu. Mwili wake hauna madini joto. Anahitaji chumvi, na si ule munyu mnaoutoa kwenye majivu ya matete, huo hauna. Anahitaji ya ghalani. Wanunuzi wa ng'ambo wanadai iwe na madini joto, ndiyo maana wanaitia. Akiipata sasa, uvimbe utasimama, na mji mzima vivyo hivyo. Asipoipata, utambana koo."

Bi Nyamizi aliuliza ana muda gani. Tabibu alitazama mlango kabla ya kujibu kwamba masika yasimkute bado katika hali hiyo. Kisha alichukua kadi ya Kalunde na kuandika: Afya njema, apewe hongera. Alieleza kwa aibu kwamba fomu mpya haina nafasi ya kuandika kitu kingine, na kwamba alikuwa ametoka semina.

Nyumbani mama alimweleza binti yake yote isipokuwa jina la tabibu. Kalunde alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Jioni ile ile aliketi akaandika barua ya kujikosoa kwa niaba ya mama yake, akaisoma kwa sauti yake iliyokwaruza ili mama aidhinishe, akaipeleka ofisi ya kata. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Alisema watu wengine wangemshtaki kwanza.

* * *

Kila mwaka siku ya Mapinduzi, Ngoreka iliigiza ukombozi wake mbele ya lango lile lile la Ghala Kuu. Lilikuwa jambo la asili yao tangu mwaka wa kwanza, watu wakicheza walichokifanya wenyewe ili watoto waone. Mwaka ule wa kwanza Bi Nyamizi alicheza Bi Nyamizi. Alivuta komeo, watu wakaingia, wakatoka na chumvi ya kweli, wakapika pilau uwanjani.

Baadaye Wizara ya Kumbukumbu ilileta maandishi ya igizo kutoka makao makuu ili pasiwe na makosa. Katika maandishi hayo komeo lilivutwa na Mheshimiwa Kadelema, na Bi Nyamizi akawa "mwanamke anayemshika mkono". Miaka ikapita akawa "mmoja wa wanawake". Kisha akawa sauti ya kilio nyuma ya ukuta. Kisha kilio kikaondolewa, kwa maelezo kwamba siku ile hakuna aliyelia. Watu waliokuwepo walizidi kufa au kusahau, na waliobaki walianza kukumbuka kama ilivyoandikwa, kwa kuwa maandishi yalikuwa na maneno mazuri zaidi ya yale waliyoyasema wao. Chumvi nayo iliondolewa. Mahali pake palitumika yale magunia mia mbili ya mchanga yaliyoandikwa CHUMVI. Watu waliyabeba kwa nyimbo kutoka uani hadi kwenye lori, na lori liliyarudisha ghalani kwa mlango wa nyuma.

Mwaka huu nisimuliao, mwongozaji wa igizo alikuwa Mwalimu Kalunde, na kamati ilimpangia Bi Nyamizi kucheza Mke wa Gavana. Hakuna aliyeitaka nafasi hiyo. Aliyeicheza mwaka uliotangulia alizomewa mpaka kwake, na mtu alimrushia jiwe sokoni wiki mbili baadaye. Tena Gavana hakuwa na mke. Mtu pekee mjini aliyekuwa na hakika na jambo hilo ni Bi Nyamizi, kwa sababu kabla ya kupelekwa kwenye chumvi ndiye aliyekuwa akimfulia shuka.

Kalunde alimletea habari hizo jikoni, mama akimenya viazi.

"Kalunde, lango lile nililifungua mimi. Kwa mkono huu."

"Mama, hilo ndilo tatizo lako." Binti aliongea polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, kwa ule uvumilivu anaoutumia na mtoto mzito wa darasa la pili. "Wewe ulikuwepo. Aliyekuwepo huona upande wake tu. Sisi tumeisoma yote."

Hasira ilimpanda Bi Nyamizi mpaka masikio yakauma. Alitaka kumzaba kofi, na alitaka kumpakata kama alivyompakata akiwa na surua. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa amelea mtoto huyu kwa matunda ya mapinduzi, akamsomesha kwenye shule ya mapinduzi, akamwona anafaulu kuliko wote, na sasa mtoto alikuwa anakufa kwa kufaulu. Alimenya viazi vyote, hata vile vya kesho.

Kisha alifikiri. Ua wa Ghala Kuu ulifungwa mwaka mzima, na siku ya igizo walioruhusiwa kusimama ndani ya lango walikuwa Gavana, askari wake, na mkewe. Alimwambia binti yake kwamba amekubali. Kalunde alifurahi, akamkumbatia, na mama akausikia ule mluzi karibu kabisa na sikio lake.

* * *

Siku ilipofika, Bi Nyamizi alivalishwa gauni refu la pazia na kofia ya manyoya ya kuku. Chini ya gauni alifunga tindo na nyundo kwa kitambaa, maana alijua mlango wa ghala utakuwa na kufuli. Alipanga atakavyolivunja wakati watu wanapiga kelele. Baada ya hapo hakupanga kitu. Aliamini watu wakiiona chumvi kwa macho yao, mbele ya mlango ulio wazi, mengine watayajua wenyewe kama walivyoyajua mwanzo.

Mheshimiwa Kadelema alifika saa tatu asubuhi akiwa na skafu mbili. Alipanda jukwaani, ngumi ikiwa juu kama kawaida, akahutubia.

"Ndugu wananchi, siku ile nilipofungua lango hili niliwaambia chumvi ni yenu. Yuko wapi leo anayesema si yenu? Iko humu humu ndani, yenu, imetunzwa. Mkiila itaisha, na ikiisha mtakuwa hamna. Msipoila ni yenu milele. Je, kuna serikali nyingine duniani iliyowapa watu wake kitu cha milele?"

Hakuna aliyeijua nyingine. Makofi yalipigwa dakika saba, kwa saa ya mkuu wa itifaki.

Igizo likaanza. Umati ulikuja na majembe ya mbao ukiimba. Kwa kuwa waigizaji wa kiume walikuwa wachache, kamati ilikuwa imewaazima walinzi wote wa ghala wawe askari wa Gavana. Walipambana vizuri, wakafa vizuri zaidi, wakalala chali kwenye vumbi. Maandishi yalisema wafu wasiinuke mpaka wimbo wa mwisho umalizike. Mheshimiwa, mwenye miaka sabini na sita, aliletewa ngazi ndogo, akavuta komeo, lango likafunguka, watu wakaingia uani kuelekea magunia ya mchanga.

Hapo ndipo Mke wa Gavana alipotakiwa kupiga magoti na kuomba msamaha. Badala yake aligeuka akatembea, gauni likiburuza, akapita katikati ya walinzi waliokufa mpaka kwenye mlango wa ghala. Mlinzi mmoja alifumbua jicho, akakumbuka kwamba amekufa, akalifumba. Bi Nyamizi alitoa tindo na nyundo, akautazama mlango juu na chini, akautazama tena.

Haukuwa na kufuli. Ulikuwa na kipande cha mti kilichoegeshwa tu, ili mbuzi wasiingie. Kwa miaka kumi na miwili hakuna mtu wa Ngoreka aliyewahi kuusukuma.

Hilo lilimuuma kuliko kama angekuta kufuli kumi. Aliondoa mti, akasukuma, na jua likaingia. Chumvi ilikuwa imepangwa hadi darini. Aliingia, akapasua gunia, akajaza pindo la gauni, akatoka nalo mpaka katikati ya ua akalimwaga chini mbele ya watu.

"Chumvi hii hapa," alisema. "Mlango uko wazi. Hakuna anayewazuia. Ingieni mchukue, mkawape watoto, hizo shingo ni ugonjwa."

Mheshimiwa alisimama juu ya ngazi yake ndogo na kwa mara ya kwanza ngumi ilianza kushuka. Nakuapia, msomaji, ilishuka hadi usawa wa bega. Watu mia nne walikuwa ndani ya ua, walinzi walikuwa wamelala chini kwa amri, na kati ya watu na chumvi yao palikuwa na hatua ishirini. Wote waligeuka kumtazama Mwalimu Kalunde, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika maandishi.

Bi Nyamizi alimwendea. Alikuwa amebakiza chumvi kwenye kiganja, akakisogeza mdomoni mwa binti yake.

"Lamba, mwanangu."

Kalunde alilamba, pengine kwa mazoea ya kumtii mama. Uso wake ulitulia. Ulimi ulitoka tena, peke yake, ukachukua punje nyingine, na macho yakajaa maji. Bi Nyamizi aliyaona maji yale akadhani amempata. Alianza kutabasamu.

Kisha Kalunde alishusha macho kwenye karatasi zake. Alifunua ukurasa, akafunua wa pili, akarudi wa kwanza, akihakikisha, maana alikuwa mwalimu mwangalifu.

"Mama," alisema kwa ule mkwaruzo, "sehemu hii haimo."

Umati ulishusha pumzi wote kwa pamoja. Lilikuwa jambo zito kumbe lina jibu. Bi Mwasiti ndiye aliyepaza sauti kutoka katikati, akisema jamani hamwoni, Mke wa Gavana anatuhonga kwa chumvi ya Gavana. Watu wakaelewa, wakafurahi kuelewa. Walizomea kama hawakuwahi kuzomea tangu igizo lianze, na wengi walisema baadaye kwamba hiyo ndiyo sehemu iliyowagusa kuliko zote na inafaa iongezwe. Ngumi ya Mheshimiwa ilirudi juu. Wanawake wawili waliowahi kuchemsha chumvi na Bi Nyamizi walimshika mikono, mmoja kulia mmoja kushoto, si kwa ukali, kwa namna mtu anavyomshika mgonjwa. Wengine walileta fagio wakaikusanya ile chumvi ya chini, wakairudisha ghalani, na waliokuwa na punje kwenye nguo walijikung'uta.

Kalunde mwenyewe ndiye aliyeufunga mlango. Uliwashinda watoto wake wa shule kwa uzito, akaja akausukuma kwa bega, akaegesha ule mti, akakaa ameuegemea kidogo ili apate hewa. Bi Nyamizi alimwita kwa jina mara tatu.

Baada ya hapo igizo liliendelea pale lilipoachwa. Mwalimu aliinua rula, watu wakajitwika magunia ya mchanga, kila mtu lake, wakatoka langoni kwa wimbo, wakapita mbele ya jukwaa. Mzee mmoja alilia akisema chumvi ya mwaka huu ina uzito wa kweli. Mpiga picha wa Wizara ya Kumbukumbu aliwapanga pembeni ya lori, wakombozi mbele, maadui nyuma.

Kalunde alikuja wa mwisho na gunia kichwani, shingo imemtuna chini ya mzigo, mluzi wa pumzi yake ukisikika hata juu ya wimbo. Alipomfikia mama yake alisimama, akamwekea sawa ile kofia ya manyoya ya kuku iliyokuwa imepinda, na kwa sauti ambayo haikufika kwa mtu mwingine akamwomba aache kulia, maana picha inapigwa na siku ile hakuna aliyelia.